M ya Mzima, M ya Mgonjwa

Nyumba ya kona,
Nyuma ya msitu wa mjini.
14 Agosti

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Marahaba. Shikamoo yako haijafika mwezi wa pili huu, lakini naiitikia hivyo hivyo, isije ikaonekana mimi ndiye sina adabu. Hujambo? Kifua kimepona? Unakula, au bado unakunywa chai tupu ukasema umeshiba? Mimi sijambo, goti tu, na tangu Alhamisi situlii. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui naenda wapi.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu yangu mpaka niiweke sauti ya juu, na fundi cherehani wa jirani ana masikio marefu kuliko uzi wake.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alikuja mtaalamu wa miti kukagua afya ya msitu huu, ambao nimefagia njia zake miaka ishirini na sita. Akauliza nani anaijua miti. Wote wakaninyooshea kidole, na ni haki yangu. Basi yeye anagonga shina kwa nyundo ya mbao, anatega sikio, anachokonoa gome, anatazama majani ya juu, kisha anatamka. Mimi namfuata na kopo la rangi. Aliniambia, "Bibi, andika herufi ya kwanza tu, inatosha." Akisema mzima, naandika M. Akisema mgonjwa, naandika M.

Usicheke. Nimesema usicheke! Yeye kasoma mpaka kapata kipara, na hakuona.

Akaenda na daftari lake misitu ya mbali, huko simu haishiki. Jumatano wakaja wakataji. Msimamizi wao akazunguka, akarudi amenitolea macho. "Bibi, tumeagizwa tukate migonjwa. Mbona miti yote ina M?"

Mimi niliyewagombeza ninyi wote kwa kusoma ovyo, nilizitazama M zangu mwenyewe. Nilikaribia kumsingizia mtaalamu. Mara msumeno ukawashwa. Nikapiga kelele, "Zima hiyo! Kosa ni langu!" Walicheka mpaka wakashika magoti. Mmoja akaniita Bibi M, na mtaa mzima umelidaka.

Nikawazungusha mti kwa mti mpaka jioni, huu ukatwe, huu uacheni. Miti thelathini na tisa, nikaikumbuka thelathini na minane.

Ule mnene ulioinamia lango la shule ya chekechea ndio ulionishinda. Siku ile mtaalamu alipotamka neno, lori lilipita likipiga honi. Sikusikia, na kwa kiburi changu sikuuliza. Nikaandika M. Sasa nikaugonga mwenyewe, nikasikia kama uko tupu ndani, au ni masikio yangu yaliyo tupu. Watoto wakatoka shule, wakapita chini yake wamebebana migongoni. Nikasema, "Kateni."

Wakaukata Alhamisi. Ndani ni mweupe pe, mbichi, hauna hata tundu la mdudu. Msimamizi alinitazama, akaenda kunywa maji. Afadhali angenitukana.

Mama za watoto wananishukuru eti lango limepata mwanga. Nikiwakatiza wanadhani naringa.

Jumatatu mtaalamu anarudi. Nitamngoja pale pale kwenye kisiki, nimwambie kabla hajafungua daftari. Akiuliza nani aliamua, ni mimi. Lori sitalitaja.

Msalimie mke mwenzangu, mwambie gauni alilonitumia linanibana kwapani lakini naivumilia dhiki hiyo. Msalimie na mjomba wako, huyo aliyesahau kwamba ana mama. Mungu awalinde, awape riziki na usingizi. Na wewe, mume wangu, akupe moyo wa kuuliza pale usiposikia, maana mimi hakunipa.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikugombeza.