Si Omolo Aliyeua Nguruwe

Nimenakili ukurasa huu kutoka daftari langu la miaka ya tisini, nilipokuwa nikifuga nguruwe Kosele. Majina nimeyabadilisha; “Min” kwetu ni “mama wa”. Mengine nimeyaacha yalivyo.

Jumatano, jioni.

Jua limewaka tangu asubuhi bila wingu hata moja, na upepo unatoka upande wa kwa Min Akoth, ambako jana walichoma nguruwe wake wote. Nimefunga madirisha lakini harufu imeingia vilevile. Sijala tangu jana. Watu wanadhani ni kwa sababu ya hasara.

Banda langu ni tupu. Wa mwisho kufa alikuwa yule jike mkubwa. Alianza kama wengine: akakataa chakula, masikio yakawa mekundu kisha yakageuka zambarau, akalala amejibana ukutani akitetemeka kwenye joto lote hili. Siku ya tatu damu ikatoka puani. Nilimwita, akajaribu kuinuka, na hapo nikalia kama mtoto, mimi ninayejulikana kwa roho ngumu.

Kosele nzima inaongea jambo moja tu: kuna mtu anayesambaza ugonjwa huu makusudi. Wanasema ni njama ya yule mnunuzi wa pikapu ya kijani. Kweli mtu huyo anatisha. Nguruwe akiugua boma moja, kesho yake pikapu iko njiani, naye anataja bei ya kukutukana, nawe unakubali kwa sababu ukingoja hutapata hata hiyo. Anajuaje? Hakuna anayeweza kusema. Lakini mwenye pikapu haingii mabandani, kwa hiyo watu wakatafuta mkono unaomfanyia kazi. Wakampata Omolo.

Omolo ndiye anayehasi nguruwe wetu. Anatembea kwa miguu boma hadi boma, wembe umefungwa kwenye kitambaa, chupa ya spiriti mfukoni, na utani mwingi mdomoni. Kabla hajamkata nguruwe mdogo humwambia, "Pole, mzee." Hakuna anayeingia mabanda mengi kuliko yeye. Ukitafuta wa kulaumiwa, huyo hapo.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu.

Mimi ndiye niliyetaja jina lake kwanza.

Ilikuwa sokoni, siku walipokufa nguruwe wangu wawili asubuhi moja. Wanawake wa chama chetu cha wafugaji wakaniuliza nani alipita kwangu wiki hiyo. Nikasema, "Hakuna, isipokuwa Omolo." Basi. Kufikia jioni Omolo alikuwa amelipwa, Omolo alikuwa anapaka dawa kwenye wembe, Omolo alikuwa ameonekana Migori na mwenye pikapu. Mimi sikuongeza kitu. Sikukanusha kitu pia.

Lakini siku chache kabla ya Omolo kupita, mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka Migori, matangani kwa mjomba wangu. Kwetu hawamwachi binti aliyeolewa aondoke mikono mitupu; lazima afungiwe chakula cha kurudi nacho. Safari hii nyama ilikuwa ya nguruwe, nyingi kupita kiasi, maana huko walikuwa wakichinjwa upesiupesi kabla hawajafa. Nililijua hilo. Shangazi alininong'oneza jikoni, nikacheka, nikamwambia moto unaua kila kitu. Nikafungiwa changu, na juu yake nikaomba makombo: mifupa, ngozi, na maji yaliyooshea nyama, debe zima, kwa ajili ya nguruwe wangu. Mfugaji gani anaacha makombo ya matanga yamwagwe? Nilipofika nikawagawia makombo hayo Min Akoth na jirani yake wa kule juu. Walinisifu kwa ukarimu.

Nguruwe wa kwanza kufa walikuwa wa mabanda hayo matatu. Na kwa Min Akoth, Omolo hajakanyaga tangu mwaka jana walipogombana.

Sikuyaunganisha haya, au sikutaka kuyaunganisha, hadi bwana mifugo alipokuja Jumatatu. Ni mgeni hapa, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Alisema hakuna dawa wala chanjo. Alisema ugonjwa huu husafiri ndani ya nyama na mifupa, na kwamba makombo yasiyochemshwa vizuri yanaweza kumaliza nguruwe wa kijiji. Kisha akaniuliza, "Mama, uliwapa mabaki yoyote ya nyama?"

"Hapana, daktari. Ni machicha na majani ya viazi tu."

Akaandika. Nilimtazama akiuandika uongo wangu, halafu nikamkaribisha chai.

Mimi nimeolewa hapa. Nikisema ukweli nitakuwa yule mwanamke wa Migori aliyeleta kifo kutoka kwao, na jina hilo litabaki kwa watoto wangu. Hiyo ndiyo hofu yangu yote, na ukiipima na maisha ya mtu ni hofu ya aibu.

Mkutano wa chifu wa kumhoji Omolo ni kesho asubuhi, uwanja wa soko. Mchana nimewakuta vijana wawili wakikata fimbo kando ya barabara, wanacheka. Mmoja akaniambia, "Usijali, mama. Kesho huyo mtu atatuambia nani alimtuma." Nikasema asante.

Nilisema asante!

Saa kumi na moja akaja Min Atieno, mke wa Omolo, ameshika kuku. Nilidhani amejua. Akakaa, akanieleza kwamba sokoni hawauziwi kitu, hata salamu hawajibiwi, na kwamba amemsihi mumewe avuke mpaka akakae kwa dada yake Tanzania hadi mambo yapoe.

"Amekataa," akasema. "Anasema hawezi kukimbia kitu hajafanya. Nguruwe zako zilikufa na wewe hujamtukana hata siku moja. Wengine wote wametutusi. Kwa hivyo hii kuku ni yako, Min Ochieng."

Nilijaribu kumrudishia. Akasema nisiwadharau. Nikafungua mdomo nimwambie, na yaliyotoka yalikuwa kumuuliza habari za watoto.

Ameondoka sasa hivi. Ningeweza kumfuata, nimwambie Omolo atoroke usiku huu, nami nibaki na siri yangu. Lakini akitoroka watasema amekiri, na watamfuata. Iliyobaki ni kusimama kesho mbele ya chifu, mbele ya Min Akoth na vijana wenye fimbo, niseme. Nimeandika hapa kwamba nitasimama, ili nisipate pa kujificha. Bado sijiamini.

Na jambo moja sijaliandika: alipofika langoni, Min Atieno aligeuka.

"Amewaambia ndugu zake wasimsindikize kesho," akasema. "Anasema wewe ukiwa hapo, hakuna mtu atamguza."