Kucha Kaniacha Nusu Kichwa

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimefanyiwa ushenzi! Fundi wangu wa kunyoa kaacha kazi, mikono inamtetemeka. Kiti chake kapewa binti mmoja, kucha ndefu kama za mwewe. Jina sijamuuliza. Namwita Kucha.
Nikamwambia apunguze chini kabisa. Mashine ikapita upande wa kulia, sawa. Ikafika kisogoni — kaizima! Eti, babu, hapa pana uvimbe, siendelei mpaka daktari auone.
Mimi si babu yake! Kinundu nakijua, ni changu. Fundi wangu alikuwa anaparuka pale kama mtu anavyoruka dimbwi, kazi inaendelea. Mimi niliyebeba magunia mawili kwa mpigo nitishwe na kinundu?
Nimeondoka na shuka lake la kinyozi shingoni. Kulia kweupe, kushoto msitu. Shuka silirudishi.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Eti nafanana na shamba ambalo mlimaji kakimbia katikati. Halafu kasogea karibu. Akataka kushika kisogo. Nikamwambia mkono wake aupeleke kwenye sufuria. Kanuna. Na anune!
Nimejaribu kumalizia mwenyewe kwa wembe. Nyuma mkono haufiki. Si kwamba siwezi — kioo ndicho kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Kofia. Joto. Muuza mkaa kaniuliza, mzee, kofia ya baridi juani, umeoa tena nini? Nikamwambia akamuulize mama yake.
Kofia inabana pale pale.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemfuata fundi wangu nyumbani kwake. Nikamwambia malizia tu, tetemeka unavyotaka. Akapapasa kisogo. Kisha eti, ndugu yangu, zamani hiki kilikuwa punje ya hindi.
Nikamuuliza, sasa mbona hukusema? Eti alisema, tena zaidi ya mara moja, nikamtishia nitahamia kwa kinyozi mwingine.
Muongo! Na kama alisema, mashine ilikuwa inapiga kelele.
Hakuninyoa. Chai yake nimeikataa.

Jumamosi, 8 Machi
Kucha kaja kwangu! Mlangoni, na mkoba wa mashine. Nikajua kafuata shuka, nikamtupia. Hata hakuliokota. Eti, babu, nitakumalizia leo leo, bure, ila kliniki kwanza.
Nikamwambia nusu kichwa inanitosha, wengine hawana hata hiyo.
Mke wangu hakucheka. Kumbe yeye ndiye kamwita! Ndani ya nyumba yangu! Kavaa nguo za kutokea, kofia yangu kaishika mkononi.
Nimejifungia chumbani. Wako sebuleni, nawasikia wanavyokaa kimya. Wakae! Hasukumwi mtu hapa. Nikitoka, nitatoka kwa sababu nataka kunyoosha miguu, na kliniki ikiwa njiani, hiyo ni shauri yake kliniki.
Nimepapasa tena. Si punje ya hindi.
Mke wangu anagonga. Polepole, kama watu wanavyogonga nyumba yenye mgonjwa. Nani mgonjwa hapa? Nimemjibu, ngoja, natafuta kiatu! Kimoja nimeshavaa. Cha pili hiki hapa, nimekishika, na mguu unaingia wenyewe.