Maji Yaliyoganda Mkononi mwa Yaya Albertine

Papa yangu mpendwa,

Jambo sana kutoka Kisangani. Goti lako je, bado linakusumbua mvua ikianza? Na Mama, analala sasa, au bado anaamka kuangalia kuku wake? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaouma, na sitaki kukuficha. Sikupiga simu kwa sababu hapa kwetu ukisema neno kwenye simu, wapangaji wote wamesikia. Barua hii nampa jirani anayepanda Kindu kwa njia ya Ubundu.

Papa, huku wananiita ndoki, mchawi.

Keti kwanza, nikueleze. Unajua nauza maji baridi mbele ya nyumba, pale wanaposimama vijana wa toleka na baiskeli zao kungoja abiria. Mume wangu Mathieu alipata frigo kubwa ya kugandisha kwa mtu wa kazini kwake Bangboka. Halafu umeme ukakaa siku nyingi bila kukatika, jambo ambalo lenyewe hapa Kisangani ni muujiza. Asubuhi moja nikatoa chupa ya maji ya kiwandani, maji bado yanacheza ndani, nikaigonga kidogo juu ya meza. Papa, barafu ilishuka kutoka shingoni mpaka chini, kufumba na kufumbua! Kijana mmoja wa toleka aliruka nyuma na baiskeli yake: “Eh! Maji inakufa mu mukono ya mama huyu!”

Mimi nilicheka. Nilikumbuka masomo yako ya fizike, ulipokuwa ukituambia maji yana kichwa kigumu: vitu vingine vikipoa vinasinyaa, yenyewe yakikaribia kuganda yanavimba. Na kwamba maji safi, yasiyotikiswa, yanaweza kupita chini ya sifuri na yasigande, yanangoja tu kitu cha kuyaanzisha, vumbi au pigo dogo. Basi nikajaribu. Maji ya kisima yaliganda ndani ya frigo kama kawaida. Ya kiwandani yalibaki maji. Zile chupa nilizozisahau kule chini kabisa, kwenye baridi kali, ziliganda zenyewe bila kuguswa na mtu. Kumbe hata kungoja kwake kuna mpaka! Na chupa ikishaganda mkononi, baridi yake inapungua kidogo, ungedhani imepumua. Nilitamani sana uwe karibu nikuonyeshe.

Wateja walipungua, lakini hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni Yaya Albertine, dada mkubwa wa Mathieu. Masika iliyopita alizika mtoto wake wa mwisho, homa tu, siku chache. Siku ile yeye alikuwa amekimbia kutafuta dawa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha mtoto maji kwa kijiko. Habari za chupa zilipomfikia, alikuja mpaka mlangoni kwangu, hakulia, hakupiga kelele. Alisema tu: “Sasa nimejua. Uligandisha damu ya mutoto yangu.”

Familia ikaitwa. Wazee wakapanda kutoka kule kwenye maporomoko, wanakovulia samaki, na Tonton Bernard, mjomba wa Mathieu, akaongoza kikao. Nikasema, leteni chupa niwaonyeshe kwamba si mimi, ni maji. Nilitaka mkono ambao hakuna atakayeutilia shaka, kwa hiyo nilimpa Yaya Albertine mwenyewe. Nikamwambia, gonga, Yaya. Akagonga. Maji yakaganda mkononi mwake, akaiachia chupa ikaanguka.

“Mumeona?” nikasema, nikifikiri nimeshinda.

Tonton Bernard akasimama, akasogea mbali na Yaya. “Tumeona. Umemupa.”

Papa, nilisahau! Mimi niliyekatazwa tangu utotoni kupokea hata karanga mkononi mwa mtu nisiyemjua, kwa sababu uchawi hupitia kwenye chakula na kinywaji anachokupa mtu. Kichwa changu kilijaa fizike, hili nikalisahau.

Mimi hawakunigusa, Mathieu alisimama mlangoni. Yaya Albertine ndiye waliyemchukua. Tangu Jumapili wamemfungia kwenye chumba cha maombi nyuma ya kanisa lao, bila chakula, bila maji, mpaka aungame. Mathieu ananiambia, “Nyamaza, Feza. Sasa banaangalia yeye. Weye banakusahau.” Ni dada yake, Papa! Dada yake wa tumbo moja! Anasema hivyo kwa kunipenda, na ndiyo maana naogopa zaidi.

Jana nilipita pale. Kupitia mbao nilimsikia akiomba maji, sauti ndogo, hata sikuitambua mara ya kwanza. Mama anayelinda mlango akaniona. Hakunifukuza. Alisema: “Hata ukilia, haisaidie. Ile kitu, mwenye kuipeana ndiye anaweza kuirudisha.”

Sijalala vizuri tangu hapo.

Nisalimie Mama, umwambie asifunge kula kwa ajili yangu. Msalimie mdogo wangu Zaina, fundi wetu wa nguo, na shemeji yake wa pale sokoni aliyenipa kitenge cha harusi. Msalimie pia Tonton Ramazani wa mitumbwi, mwambie samaki wa huku ni wazuri lakini hawawashindi wake.

Papa, nimeamua. Nikishampa jirani barua hii naenda kanisani. Nitasimama mbele yao wote niseme ndiyo, ni mimi niliyempa uchawi, na sasa naurudisha kwangu. Nitasema uongo mbele ya Mungu na mbele ya watu, mimi binti yako, kwa sababu nikisema kweli hakuna atakayefungua ule mlango. Yaya ananichukia, najua, na akitoka ataendelea kunichukia kwa ajili ya mtoto wake. Lakini atakuwa amekunywa maji.

Mathieu sijamwambia. Sijui kama atanifuata huko nyumbani.

Habari zinakwenda mbio kuliko mitumbwi, zitafika Kindu kabla yangu: Feza ameungama, Feza ni ndoki kweli. Ukisikia hivyo usibishane na mtu. Mwambie tu Mama anitandikie kitanda.

Binti yako,
Feza