Wameing'oa Blada Yako

Mwalimu,

Nimekasirika, na sina mwingine wa kumwambia, kwa hivyo nivumilie.

Makumbusho yako yalifunguliwa Jumamosi. Ile stoo ya viazi karibu na soko la Olenguruone, tuliyofanyia mazoezi tumekalia magunia, sasa imepakwa rangi na jina lako liko juu ya mlango. Wazo lilikuwa langu. Nilizunguka kwa watu nikiomba picha zako, nikamsihi mkeo, Mama Chela, atoe saksafoni yako. Halafu kamati ikaundwa, na mimi nikawa wa kupika chai.

Mwenyekiti ni yule mzee wa kanisa aliyeniharibia siku ya mazishi yako. Uliniomba ukiwa hospitali: "Chebet, usiniache nizikwe kimya." Nilifika na saksafoni yangu begani, akanizuia langoni, eti jazi ni muziki wa baa. Na mimi, uliyenifundisha kupuliza hadi mashavu yaume, nikanyamaza. Ulizikwa kimya. Sijajisamehe.

Sasa mtu huyo huyo ameandika ukutani kwamba ulikuwa "fahari ya mji wetu". Nilitaka kuyakwangua maneno hayo kwa kucha.

Lakini kilichonimaliza ni saksafoni yenyewe. Waliipeleka Nakuru ikasuguliwa, ikarudi inang'aa kama sufuria mpya, wakaiweka kwenye kabati la kioo. Nikatafuta ile blada, kipande cha tyubu ya baiskeli ulichofunga pale chini springi ilipovunjika, ili kifuniko kizibe tundu. Haikuwepo. Nikamuuliza mwenyekiti.

"Hiyo takataka tulitoa, madam. Wageni watafikiria nini?"

Mwalimu, si ni hiyo takataka iliyoifanya iimbe miaka yote hiyo?

Siku ya ufunguzi mgeni wa heshima, mama mmoja kutoka Milimani, kule kwa matajiri, akaomba kuisikia. Mwenyekiti akaniita kutoka jikoni, akafungua kabati, akanipa. Nikajua itakavyokuwa, lakini ningesema nini mbele ya watu wote wale? Nikapuliza. Ikakoroma. Watu wakacheka, na hawakunicheka mimi, walikucheka wewe.

Nikatoka nayo nje. Mwenye boda boda mmoja alikuwa amefunga kreti za soda kwa blada, nikamwomba anikatie kipande. Nikafunga pale pale ulipokuwa ukifunga, mara tatu, na fundo lako. Sikurudi ndani. Nilipanda hadi kwako, nikasimama kando ya kaburi, nikapiga ule wimbo ulioitungia baridi ya Juni, wote, hata pale katikati ninapokosea kila mara. Nilikosea tena. Nililia nikipuliza, na hiyo ni kazi ngumu kweli. Nilipogeuka, Mama Chela alikuwa nyuma yangu amejifunga leso, na nyuma yake ukumbi mzima, pamoja na yule mama wa Milimani. Mwenyekiti alibaki ndani na maikrofoni yake.

Nimechelewa, najua. Pole, Mwalimu.

Saksafoni imerudi kabatini na blada yake. Ufunguo anao Mama Chela, na mwenyekiti ameshautaka mara mbili. Wewe lala. Nikikuta wameing'oa tena nitafunga nyingine, halafu nitaenda kuipigia mlangoni mwa kanisa lake, Jumapili, yeye akiwa ndani.

Mwanafunzi wako,
Chebet