Baba, Siku Ile Hukukohoa

Baba yangu mpenzi,

Nimeolewa! Leo ni siku ya nane na bado nikiamka naangalia pete kwanza, nisije nikawa naota. Mume wangu ni Elia, yule yule uliyemwita muongo mbele ya watu.

Unakumbuka Jumapili ile? Ilikuwa miaka ile khanga na sabuni zimerudi madukani na deki za video zimeingia mjini. Tulitoka kanisani, nikakuvuta mkono hadi kwenye kibanda cha video nyuma ya soko la Dodoma. Wewe ulitaka kurudi kwenye mizabibu yako. Ilionyeshwa picha ya vita, askari wamezingirwa ndani ya nchi ya adui. Elia alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akitafsiri Kiingereza ambacho nusu yake alikuwa akikitunga.

"Jamani wenzangu, tumezingirwa! Tufe kiume!"

"Muongo wewe!" ukasema kutoka benchi la nyuma.

Nilitamani ardhi ipasuke. Elia akaisimamisha deki.

"Shikamoo, mzee. Kwani wanasemaje?"

"Marahaba. Watu waliozingirwa hawapigi kelele. Wanaulizana nani amebakiwa na chumvi."

Watu walicheka, lakini wewe hukucheka. Ndipo ukasema, Baba, mambo ambayo hata mama hakuwahi kuyasikia. Kwamba ulipokuwa askari, kikosi chenu kilirudi nyuma, mkabaki watatu upande wa adui siku tisa, mkiongea habari za ugali wa uwele na mlenda hadi mate yanawatoka. Kwamba wawili walilala na mmoja alilinda.

"Mlinzi akiona hatari anakohoa kidogo, kama mbuzi," ulisema. "Akinyamaza, wewe lala. Kuko salama."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndiyo kwanza nilikuwa nakufahamu baba yangu.

Jumapili iliyofuata nilirudi peke yangu, nisamehe, nilikudanganya kwamba nakwenda kwaya. Picha ilikuwa ile ile. Ilipofika pale askari wanajificha kwenye majani, Elia akashusha fimbo.

"Tafsiri, bwana!" watu wakapiga kelele.

"Natafsiri. Hapa hawasemi kitu. Na sisi tunyamaze."

Kibanda kizima kikanyamaza. Baba, moyo wangu ulikwenda pale pale! Mtu anayeishi kwa kusema, amekusikiliza wewe mara moja tu, akajifunza kunyamaza.

Halafu zikaja posa. Yule karani mwenye pikipiki alipokuja na wazee wake, ulikohoa hadi shangazi akakuletea maji ya moto, nao wakaondoka wakikupa pole ya kifua. Baadaye wazee wa Elia walikuja kutoka Bahi na mchele mpya. Ulikaa kwenye kigoda, ukiitazama mizabibu.

"Kaka, sema basi, wageni wanangoja," shangazi alikubembeleza.

Hukusema neno. Wakaondoka bila jibu, na kabla ya mavuno ya zabibu ukatutoka.

Mwaka mzima shangazi alinirudia yale yale: "Baba yako hakumtaka huyo muongo wa video. Angemtaka angesema." Baba mdogo ndiye aliyetoa ruhusa. Nilishona gauni nikilia. Nilimpenda Elia kupita kiasi, lakini niliogopa kuolewa bila baraka zako.

Jumamosi ile kanisa lilijaa hadi mlangoni. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi, aseme sasa. Kimya. Nilimwona shangazi kwenye benchi la mbele, ameinamisha kichwa. Elia akaniinamia sikioni.

"Hapa hawasemi kitu," akanong'ona.

Baba! Nikakuona upya kwenye kigoda, umenyamaza, unatazama mbali kama mtu aliye kwenye zamu. Kwa karani ulikohoa. Kwa Elia hukukohoa! Ulikuwa umejibu, na sisi sote tulikaa pale tukingoja jibu. Nilicheka mbele ya madhabahu machozi yakinitiririka. Mchungaji alidhani nimepagawa. Baada ya ibada nilimweleza shangazi, akajipiga paji la uso: "Na mimi nilimpa maji ya moto bure!" Tukalia pamoja, tukacheka pamoja.

Asante, Baba, kwa Jumapili ile uliyokubali kuvutwa mkono. Asante kwa kumwita muongo, maana tangu siku hiyo hajanidanganya. Asubuhi hii ameamka mapema kuipogoa mizabibu yako, anaikata vibaya, na mimi namtazama kutoka mlangoni kwa furaha nisiyojua niiweke wapi.

Zamu yako imekwisha. Lala, Baba. Huku hakuna anayekohoa.

Binti yako, mke wa Elia