Farasi Aliyekataa Maji ya Epsom

Epsom, Uingereza
3 Julai 2025

Papa mpenzi,

Bwana asifiwe. Habari ya goti na baridi ya Joburg? Mimi mzima. Mdogo wangu Murielle akikusomea barua hii kwenye simu yake, tafadhali usiinuke kabla hajamaliza.

Tumefika salama na Thandeka, yule farasi jike ninayemtunza kwenye uwanja wa mbio wa Turffontein. Atakimbia Alhamisi ijayo. Najua hupendi. Tangu niache kulinda benki nikaenda kwa farasi wa mbio, miaka miwili sijakaribishwa mezani pako. Papa, sijawahi kucheza kamari hata kwa randi moja.

Lakini sikia ya mji huu. Zamani matajiri wa London walikuja kunywa maji ya kisima chake wapone. Nimekwenda kukiona, siku hizi kimezungukwa na nyumba za watu. Wanasimulia kwamba aliyekigundua ni mchunga ng'ombe, mwaka wa ukame. Ng'ombe wake waliyaonja maji wakayakataa kwa uchungu wake. Nikakukumbuka wewe na ng'ombe wako wa kule kwetu Fizi, nikatamani uniombee.

Mwanao,
Hénock

Epsom
7 Julai 2025

Papa,

Salamu. Hujajibu, na sikulaumu. Ila nina shida.

Thandeka hanywi tangu juzi, maji tuliyokuja nayo yalipoisha. Si maji ya kile kisima, ni ya bomba, safi kabisa. Anayanusa, anageuza kichwa. Daktari wa mifugo amesema akigoma mpaka kesho atatundikiwa dripu, na mbio ndiyo basi. Eish, Papa, naogopa asije akafa mikononi mwangu. Wewe ulivusha ng'ombe mito mingapi? Nifanyeje?

Mwanao,
Hénock

Yeoville, Johannesburg
7 Julai 2025, muda wa saa mbili tu baada ya kupata yako

Hénock,

Salamu. Goti linauma, asante kwa kuuliza. Mama yako hajambo.

Mbio sizibariki, tuelewane hapo. Lakini mnyama mwenye kiu hana kosa.

Tulipofika mto Mutambala na kundi, ng'ombe waligoma vilevile. Mnyama haamini maji ya ugenini. Fanya hivi: kunywa wewe kwanza, akuone. Kisha msugue mwili mzima, halafu zamisha mikono kwenye ndoo mpaka viwiko, bila sabuni, maji yapate harufu yenu. Lowesha majani yake humo, umlishe kwa mkono. Usimfokee. Tangu utotoni unapenda kufoka.

Murielle anapiga picha karatasi hii akutumie kwa simu, huku akilalamika kuhusu mwandiko wangu. Nijibu leo leo, sitalala.

Baba yako

Epsom
11 Julai 2025

Papa wangu,

Bwana asifiwe, asifiwe tena! Ujumbe wa "amekunywa" ulikuwa mfupi kwa sababu ndoo ilikuwa bado mkononi mwangu. Alikunywa ndoo mbili! Bosi Steve aliniuliza nimemtilia dawa gani. Nikamwambia dawa ni baba yangu.

Sasa sikia ya jana. Kabla ya mbio wanazungusha farasi uwanjani, na kuna zawadi kwa mtunzaji ambaye farasi wake ameng'aa na kutulia kuliko wote. Nimeipata mimi! Wametaja jina langu kwenye kipaza sauti, Papa, jina ulilonipa, mbele ya Waingereza wenye kofia kubwa.

Kisha Thandeka akakimbia. Alianza nyuma, akawapita mmoja mmoja, akashinda kwa urefu wa shingo. Nililia kama mtoto na sioni aibu.

Mwanao,
Hénock

Yeoville
13 Julai 2025

Mwanangu Hénock,

Bwana asifiwe. Leo nimesimama kanisani nikatangaza zawadi yako ya utunzaji. Kanisa zima limepiga vigelegele. Ya mbio nimeiruka. Mimi bado ni mzee wa kanisa.

Ukishuka ndege usipitie Turffontein. Njoo hapa nyumbani. Mama yako ameshaweka sombe ya majani ya muhogo na samaki, na kiti chako nimekirudisha mezani mimi mwenyewe, na goti hili. Nilikosea, mwanangu. Nilihukumu kazi ambayo hata kuiangalia sikuwahi.

Maana nimeiangalia. Alhamisi nilivaa suti ya Jumapili nikaingia nyumba ya kamari, kwa kuwa ndiko wanakoonyesha mbio za Uingereza. Sikucheza hata senti. Nikamkuta mzee Marcellin wa kanisani kwetu, eti naye anapita tu. Tumekubaliana tusiulizane.

Ulipotokea kwenye televisheni, umemshika Thandeka, umenyoosha mgongo, nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Mmoja akaniuliza, "Mzee, umeshinda ngapi?" Mbio zilikuwa hazijaanza. Nikamwambia mimi nimeshinda tayari, yule anayeongoza farasi ni mtoto wangu.

Baba yako