Nahodha hajainuka

Rafiki yangu Kuni, uko?

Klabu imemtema Tokunaga. Nahodha wetu wa misimu kumi na mitatu! Kaitwa ofisini asubuhi, katoka, kaja kuinamia uwanja kwa heshima kama kila siku. Sisi nyuma yake tukainama, macho tumefumba.

Unajua mwenyewe, hakuna anayeinuka kabla ya nahodha.

Tukangoja. Tukangoja! Kipa ananong'ona, "Kaka, tuinuke?" Nikamwambia, "We! Nahodha hajainuka."

Mgongo uliposhindwa nikachungulia. Hayupo. Kuni, HAYUPO. Tulikuwa tunainamia uwanja mtupu.

Mbele ya viatu vyangu kaacha kitambaa chake cha unahodha. Nikakiokota, bado kina joto la mkono wake.

Kugeuka, wenzangu wote bado wameinama.

Wananisubiri mimi.